Kifaru na Upepo wa Walio Nyuma

“Huu si mchezo, ni uji wa mgonjwa,” alisema Kifaru. “Kila mtu anaumeza bila kutafuna.”

“Na wewe Mzee umekunywa bakuli ngapi leo?” aliuliza Pimbi. “Tangu asubuhi hujainuka kwenye hilo benchi.”

“Usinijibu hivyo ndani ya nyumba yangu.”

“Nyumba yako, Mzee. Gemu yangu.”

Wadogo zangu, sogeeni niwaambie walikuwa wanagombania nini. Haya ni ya zamani sana, zamani ambayo hata bibi yake bibi yangu alisimuliwa tu, wanyama walipokuwa na majiko na milango, wakiazimana chumvi mchana na kucheza gemu jioni. Pimbi, yule mnyama mdogo wa kwenye mawe asiye na mkia, alikuwa fundi wa kutengeneza gemu. Kifaru alikuwa na nyumba kubwa yenye sola juu ya paa. Basi Pimbi akaleta gemu, Kifaru akatoa umeme na kioo cha kuchezea, na kijiji chote kikapata pa kukaa jua likipoa.

Gemu yenyewe iliitwa Mkokoteni. Unapakia maboga juu ya kilima, unashika pedi ya kuuongozea, unateremka mbio hadi sokoni. Ukikata kona vibaya, puu, maboga yote mtaroni, uanze kuokota. Lakini Pimbi alikuwa ameweka huruma kidogo ndani yake. Mkokoteni uliobaki nyuma kabisa ulipata upepo wa kuusukuma, vuuu, mpaka uwafikie wenzake. Ndiyo maana Bibi Nungunungu, aliyekuja kupumzisha mgongo baada ya kuchimba muhogo, aliweza kukaa benchi moja na Nyati, aliyewaza kona za gemu hata akiwa anatafuna, na wote wawili wakacheka.

Sasa Kifaru alikuwa amesikia kwamba ng'ambo ya mto kuna mashindano makubwa ya gemu. Wanyama hujaa uwanjani kutazama wenzao wakicheza, na bingwa hubebwa juu juu. Tangu asikie hayo, chakula hakikumpanda.

“Nataka nyumba hii iwe ya mabingwa,” alisema. “Uondoe huo upepo. Upepo ni mbeleko. Umemwona wapi bingwa kwenye mbeleko?”

“Na Bibi Nungunungu je? Na vifaranga vya Kanga?”

“Wakacheze kombolela huko nje. Wanajaza viti.”

Pimbi akavitazama vile viti. Gemu ile aliitengeneza kwa ajili ya hao hao waliokuwa wanajaza viti. Wakifukuzwa, angebaki fundi wa nini?

Nyati akakohoa pale kwenye kona. “Dada Pimbi, usinielewe vibaya. Hata mimi upepo unanikera. Ile kona ya kisima nimejifunza mpaka naiota. Naongoza kilima chote, halafu mtu aliyekuwa mtaroni ananipita mlangoni mwa soko. Inauma.”

“Nani anayekupita?”

Nyati akatazama kwato zake. “Mara nyingi ni Mzee mwenyewe.”

“Unasikia?” Kifaru akajipiga kifua. “Mimi huanza taratibu. Nawasoma kwanza. Nikishawasoma, mwishoni nafyatuka.”

Pimbi akaitikia tu kwa kichwa. Mnajua kwa nini? Macho ya Kifaru ni mafupi, hayaoni mbali. Kwenye kioo aliona kilima na maboga yake, basi; wenzake walio mbele hakuwaona. Kona ya kwanza tu, vile vidole vyake vinene vilikuwa vikimtupa mtaroni. Akawa wa mwisho, kila siku wa mwisho, na upepo ukaja ukamsukuma mpaka akawapita wote. Kwamba upepo upo, alijua. Alidhani ni wa wengine.

Pimbi alikuwa anajua yote hayo. Lakini ukimwambia Kifaru neno kama hilo ndani ya nyumba yake, atakukanyaga kwanza, halafu ndipo aulize ulikuwa unasemaje.

Kwa hiyo Pimbi akajikunja, akawa mdogo kuliko alivyo. “Basi umenishinda, Mzee. Kesho sitaweka upepo.”

“Na wanaoshindwa watoke.”

“Wote, Mzee? Si utabaki na benchi tupu? Bingwa asiyepigiwa makofi ana tofauti gani na mtu anayeongea peke yake?”

Kifaru akakuna sikio. Hilo hakuwa amelifikiria.

“Tufanye hivi,” Pimbi akasema polepole, kama mtu anayetoa kitu cha mwisho alicho nacho. “Atoke yule wa mwisho tu. Utapunguza wazembe kidogo kidogo.”

“Wa mwisho tu. Sawa.” Kifaru akacheka mpaka vumbi likashuka darini. “Pimbi wewe, mkia wenyewe ulikushinda kwenda kuuchukua siku mikia ilipogawiwa, utaniweza mimi?”

“Nitakuwezea wapi, Mzee wangu.”

Kesho yake jioni nyumba ilijaa hadi dirishani. Bibi Nungunungu alikuja na kikapu chake, amenuna. Vifaranga vya Kanga vilikaa vimeshikana, maana vilidhani ndiyo mara ya mwisho. Kifaru, Nyati na Bibi wakapewa pedi ili waanze.

“Tangaza sharti mwenyewe, Mzee,” Pimbi alisema. “Nikitangaza mimi watasema fundi anawaonea.”

Kifaru akasimama. “Kuanzia leo humu hakuna upepo. Atakayefika wa mwisho hana kiti ndani ya nyumba hii, hata awe nani.”

“Hata awe nani?”

“Hayo masikio yako ni mapambo?”

“Nilitaka wa nyuma wasikie, Mzee.”

Wakaanza. Mikokoteni ikashuka, gurugurugurugu. Kifaru alitoka kama jiwe lililorushwa. Kona ya kwanza, puu.

“Msimsemeshe,” kifaranga kimoja kikanong'ona. “Anawasoma.”

Nyati alikata kona ya kisima kama mtu anayemenya chungwa bila kukata ganda. Hakuna boga lililotikisika. Watu wakasema aaa, maana kila mmoja wao alikuwa ameangukia pale. Bibi Nungunungu alishuka pole pole, akiwasalimia hata wale wauza nyanya waliochorwa kando ya njia. “Hamjambo huko. Jamani, breki ndiyo hii ya kushoto?”

Nyati akaingia sokoni wa kwanza. Akakaa akavuta pumzi, na uso wake ukatulia kwa namna ambayo wengi hawakuwahi kuiona.

Kifaru alikuwa mtaroni bado, lakini hakuwa na wasiwasi. “Sasa,” alisema, akabana pedi.

Mkokoteni ukasogea kidogo, ukarudi mtaroni.

“Sasa hivi nafyatuka.”

Ka, ka, ka, vidole vikagonga. Bibi Nungunungu akapita kwenye mlango wa soko, akaweka pedi chini, akanyoosha miguu.

“Mzee,” alisema Bibi, “unafyatuka lini? Nimeacha muhogo jikoni.”

Kicheko kikaanzia dirishani, kikaenea. Kifaru akasimama na pedi mkononi. “Gemu imeharibika.”

“Haijaharibika,” alisema Pimbi. “Imekutii. Umesema upepo utoke, umetoka.”

“Ule ulikuwa upepo wa watoto.”

“Ulikuwa wa aliye nyuma ya wote, Mzee. Hebu niambie, tangu tuanze gemu hii, ni mtoto gani umewahi kumwona nyuma yako kilimani?”

Kifaru akafikiri. Kufikiri kwake kulionekana, maana masikio yalizunguka, moja huku, jingine kule. Halafu yote mawili yakalala.

Nyumba ilikuwa yake, lakini hata lile neno lilikuwa lake, na kijiji kizima kilikuwa kimelisikia. Akaweka pedi juu ya benchi, taratibu kabisa, akatoka. Akaenda kukaa barazani, mgongo kwa ukuta.

Nyati peke yake hakucheka. “Dada Pimbi,” alisema, “mimi leo nimefurahi. Nimeshinda na nimejua kwamba nimeshinda. Lakini nikivitazama hivi vifaranga, sifurahi.”

“Nani kasema kilima ni kimoja?” alijibu Pimbi. Akavuta kigoda, akaanza kazi. Alikuwa amekwisha kuifikiria tangu jana. Akaweka njia mbili ndani ya gemu ile ile, kilima kile kile, kona zile zile. Ya kulia haina upepo kabisa, ni ya wale wanaotaka kujua nani zaidi. Ya kushoto ina upepo wake, ni ya wale waliochoka na muhogo. Unachagua mwenyewe, na kesho ukitaka unabadili.

“Na lile sharti la wa mwisho kutoka?” aliuliza Kanga.

“Limeshapata mtu wake. Tuliache lipumzike.”

Jioni ile walicheza kuliko siku zote. Nyati alipopanda njia ya kulia kufanya mazoezi ya kwenda ng'ambo ya mto, wote waliweka pedi chini wamtazame. Alipokaribia kisima hakuna aliyepumua. “Hiyo kona msiione hivyo,” Bibi Nungunungu aliwaeleza vifaranga, “imeshanimeza mimi na maboga yangu yote.” Nyati alipovuka, walipiga makofi hadi kioo kikatetemeka. Kisha zamu ya njia ya kushoto ikafika, vuuu, na vifaranga vikapiga kelele za raha.

Kabla hujaomba mwenzako aondolewe ngazi, tazama wewe umekanyaga nini.

Halafu huko barazani zikasikika hatua nzito zikija, zikasita, zikaja tena. Mwenye nyumba akasimama kwenye mlango wake mwenyewe, akainamisha pembe, akabisha.

“Hodi jamani,” alisema Kifaru. “Hapo kwa Bibi, njia ya kushoto, hakuna nafasi ya mtu mmoja?”