Mwenyekiti Kiboko na Boya la Njuga

Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na nini?

— Palikuwa na bwawa!

Bwawa la nani?

— La wote!

La wote na nani?

— La wote na Mwenyekiti!

Haya, mmeitika vizuri. Sasa kabla sijafungua mdomo, apeni. Shikeni masikio, semeni, "Nikilitoa nje, ulimi wangu uote upele." Vizuri. Maana na mimi niliapishwa hivyo hivyo na Kanga, na Kanga aliapishwa na Kobe, na Kobe ni mtu wa siri sana, hakumwambia yeyote ila Kanga, na mkewe, na wale waliokuwa kisimani. Nami sijamwambia mtu. Nimemwambia jirani tu, na jirani si mtu wa kuhesabiwa. Kwa hiyo jambo hili libaki hapa hapa, na mkienda kulisimulia kwingine msilikosee, maana mimi huudhika sana mtu akiniharibia siri yangu.

Zamani hizo wanyama wa bwawani walikuwa na vidau vya rimoti. Kidau chenyewe si cha kupanda. Unakitia majini, wewe unasimama ukingoni na rimoti yako mkononi, unabonyeza, nacho hicho kinakwenda: ngriii! Unabonyeza kulia, kinapinda kulia. Unabonyeza kushoto, kinapinda kushoto. Msiniulize betri walizipata wapi. Nanyi simu zenu sijawauliza.

Na vidau vile havikuwa vya kuchezea tu. Kabla ya hapo, wanyama wakigombea kipande cha ukingo walikuwa wakipigana, maji yanatibuka, wote wanashinda wakinywa tope. Wakachoka. Wakakubaliana: mwenye ugomvi na mwenzake juu ya ukingo, washindanishe vidau. Atakayeshinda, neno lake ndilo.

Basi ukingoni hapo palikuwa na kichuguu, na ndani ya kichuguu aliishi Bi Nguchiro na wanawe. Mnamjua Nguchiro alivyo: mdogo, mwembamba, shingo juu kama anayemtafuta aliyemwita. Kichuguu kile ndicho alichokuwa nacho duniani. Na mbele yake, majini, aliishi Kiboko, mwenye maji yote, mwenye nyasi zote, na mwenye uenyekiti wa Kamati ya Mashindano, maana hivyo vingine havikumtosha. Siku moja mgongo ukamwasha. Akakitazama kichuguu.

"Kile kingenifaa kujikunia," akasema.

"Ni nyumba yangu, Mheshimiwa," akasema Nguchiro.

"Sikuuliza ni nini. Nimesema kingenifaa."

Na Kiboko akijikuna hapo mara moja tu, nyumba imekuwa vumbi. Ikawa basi ni shauri la vidau.

Kidau cha Kiboko kiliitwa Nipisheni. Kirefu, kizito, mashine yake ikinguruma hata samaki wanaumwa kichwa. Kidau cha Nguchiro kilichongwa kwa mti wa msufi, chepesi kama unyoya, kikaitwa Tutaonana. Maboya yalikuwa vibuyu vitatu, kila kimoja kimefungiwa jiwe, vimekaa pembetatu. Unazunguka cha kwanza, unazunguka cha pili, unazunguka cha tatu, unarudi. Mwamuzi ni Mzee Kobe, mwaminifu kweli kweli. Taabu yake ni macho tu. Akilitazama bwawa, haoni kama pana bwawa.

Wakaanza kwa majaribio. Nipisheni kikatoka: vruuu! Tutaonana kikatoka: ngriii! Njia ikinyooka, Nipisheni kiko mbele. Kona ikifika, Nipisheni kinapitiliza mpaka kwa wajomba zake ndipo kinageuka, na Tutaonana kimeshapita kwa ndani. Kona ya kwanza hivyo. Kona ya pili hivyo. Kona ya tatu hivyo hivyo. Nguchiro akafika wa kwanza.

Kiboko hakukasirika. Wakubwa hawakasiriki. Wakubwa huitisha kikao.

Wajumbe wa kamati walikuwa Bata. Na Bata ni wajumbe wazuri sana, hawachoki kuafiki.

"Waheshimiwa," akasema Kiboko, "nimeona kasoro. Kona ni nyingi mno. Kona zinawadhalilisha watu wazima. Napendekeza boya liwe moja tu, kule mbali, kwenye maji marefu karibu na matete. Kidau kiende moja kwa moja, kizunguke, kirudi moja kwa moja."

Nguchiro akaruka juu. "Napinga! Njia hii waliiweka wazee! Kila mtu—"

"Pingamizi limekataliwa. Bata?"

"Kwaa! Lipite!"

Likapita.

"La pili. Mnajua ngozi yangu. Nikisimama juani inapasuka, na mwamba wa kuendeshea hauna hata jani la kivuli. Napendekeza mwenye ngozi ya namna yangu aruhusiwe kuendesha akiwa majini."

"Ngozi ya namna yako anayo nani tena hapa?" akauliza Nguchiro.

"Hatutaji majina kikaoni, bibie."

"Napinga! Sheria ni wote juu ya mwamba, wote waonekane!"

"Pingamizi limekataliwa. Bata?"

"Kwaa! Lipite!"

Likapita. Wakati huo jua limeshapanda utosini, na Kiboko mwenyewe anatoka jasho jekundu. Akasema, "La tatu, kikao kihamie kivulini."

Nguchiro alikuwa amechoka kuruka. Akasema kwa sauti ndogo, "Hilo naunga mkono."

Kiboko akashtuka. Akamtazama juu, akamtazama chini. "Unaunga mkono? Kuna nini huko kivulini? Umetega nini?"

"Kivuli tu, Mheshimiwa."

"Kikao kibaki juani! Bata?"

"Kwaa! Lipite!"

Wakabaki wote juani wakiungua, na mgonjwa wa ngozi wa kwanza. Nguchiro akainama, akasema moyoni, "Kumbe."

Kikao kilipovunjika akamfuata Mzee Kobe, aliyekuwa akielekea nyumbani, na mnajua Kobe akielekea mahali, unaweza kumkuta baada ya kula, kuoga na kusuka nywele.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nani wewe?"

"Nguchiro. Mzee, boya limewekwa kwenye maji marefu. Na Mwenyekiti atakuwa mumo humo majini. Akizama akalivuta, nani atamwona?"

"Si mimi," akasema Kobe. "Nami siwezi kumhukumu mtu kwa nisichokiona."

"Na kwa unachokisikia?"

"Ah, hapo nitake radhi. Nasikia hata siafu akipiga chafya."

"Na Kiboko je, akizama anasikia?"

Kobe akacheka mpaka gamba likagonga mawe. "Akizama huziba pua, huziba na masikio. Unaweza kumtukana ukoo mzima hapo juu yake, asijue. Nimeshajaribu."

Kesho yake Nguchiro akaomba kikao mwenyewe. Akaja ameinama, kilemba kimekaa upande, anapangusa macho.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa Bata, yote mliyopitisha nimeyakubali. Nina ombi moja. Nasikia maneno huko kisimani, eti mnataka kulifunga boya njuga, likiguswa lilie, Mzee Kobe asikie. Nawaangukia miguuni, msinifanyie hivyo. Kidau changu hupita karibu mno na boya. Njuga zitaniumbua!"

Sasa mimi nawaambia, hakuna kiumbe aliyekuwa ametaja njuga. Si kisimani, si popote. Lakini Kiboko akafumbua jicho moja. Akafumbua la pili.

"Njuga," akasema. "Ndiyo. Jambo hilo nimelifikiria siku nyingi."

"Usilifikirie, Mheshimiwa!"

"Boya lifungwe njuga! Tena atakayeligusa, ameshindwa!"

"Napinga! Basi, kama ni lazima, iwe chombo tu kikigusa. Isiwe na mwenye chombo naye!"

"Iwe chombo na mwenye chombo!" akanguruma Kiboko. "Mkono, mguu, mkia, pua!"

"Napinga, napinga, napinga!"

"Pingamizi limekataliwa. Bata?"

"Kwaa! Lipite!"

Nguchiro akalia. Alilia vizuri sana siku ile. Bata mmoja alitaka kubadili mawazo, ila hakujua jambo hilo linafanywaje.

Siku ya siku ikafika. Wanyama wakajaa ukingoni, huku wakitafuna, huku wakiwasema wenzao. Boya likafungwa njuga kibao, za ngoma, zile za miguuni. Mzee Kobe akapandishwa juu ya mwamba. Nguchiro akasimama kando yake, rimoti kifuani. Wanawe wakachungulia kutoka kichuguuni, vichwa vimepangana. Na Kiboko akaingia majini kwa ajili ya afya yake, rimoti imetiwa ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ameung'ata menoni.

"Haya!" akasema Kobe.

Vruuu! Nipisheni. Ngriii! Tutaonana.

Njia imenyooka, Nipisheni kiko mbele. Njia bado imenyooka, Nipisheni kiko mbele zaidi. Hapo moyo wa Nguchiro ukaanza kwenda mbio kuliko kidau. Maana alijua, na nyie mjue: Kiboko angetulia tu, angeshinda. Angeshinda kwa haki kabisa, mchana kweupe, na kichuguu kingekuwa vumbi kabla ya adhuhuri. Nguchiro akatazama ile mistari miwili ya vidau majini. Akatazama vichwa vya wanawe. Akasema kimoyomoyo, "Zama, baba. Usinitie aibu. Zama."

Lakini tangu lini mlafi akatosheka na kushinda? Hutaka ashinde, na mwenzake asifike.

Chubwi! Kiboko akazama. Akaziba pua. Akaziba masikio. Huko chini kimya, pametulia, pazuri, mtu anaweza kufanya kazi yake. Akaliendea boya kwa chini, akaliinua kwa kichwa, akalisukuma kulipeleka kwa Nipisheni, kigeukie karibu.

Chaka-chaka! Chaka-chaka!

"Boya linatembea!" akapiga kelele tumbili mmoja.

"Nasikia njuga," akasema Kobe. "Kidau cha nani kimegusa?"

"Vidau havijafika, Mzee," wakasema watu.

"Basi boya linacheza ngoma peke yake?"

Chaka-chaka! Boya likaja kushoto. Chaka-chaka! Likarudi kulia. Na kumbe Kiboko kila akisukuma anakaza meno, na kila akikaza meno anabonyeza rimoti. Nipisheni kikaanza kuzunguka palepale, vruuu, vruuu, kama kuku aliyekatwa kichwa. Kiboko huko chini anahisi kidau chake hakiji, anazidi kusukuma. Akizidi kusukuma anazidi kung'ata. Akizidi kung'ata kidau kinazidi kuzunguka. Kamba ya boya ikamzonga puani. Akataka kuifungua kwa kutikisa kichwa, na kutikisa kichwa ukiwa na njuga, mnajua wenyewe.

CHAKA-CHAKA-CHAKA-CHAKA!

Ukingo wote ukasimama. Wanawake wakaanza kupiga makofi kufuata mdundo, maana ngoma haikataliwi. Nguchiro akaondoa kidole kwenye rimoti. Tutaonana kikatulia majini. Akangoja.

Pumzi zikamwisha Kiboko. Fuuuuu! Akaibuka. Kibuyu kimemkaa katikati ya masikio kama kofia ya sikukuu, kamba imemzonga pua, njuga zimemning'inia huku na huku mashavuni, na mfuko wa rimoti bado uko menoni. Akazibua masikio. Ndipo akasikia makofi. Akadhani anashangiliwa, akainamisha kichwa kushukuru.

Chaka!

Makofi yakakoma. Kimya. Hata Bata.

"Mwenyekiti," akasema Mzee Kobe, "mimi sioni, wala sisemi kitu. Ila nasikia boya linapumua."

"Nakagua usalama," akasema Kiboko, meno yamebana mfuko. Chaka. "Ni kazi yangu." Chaka-chaka.

"Sheria yasema mkono, mguu, mkia, pua."

"Kichwa hakikutajwa!"

"Na hiyo pua iliyofungwa kamba," akasema tumbili, "nayo imekuja kukagua?"

Watu wakaangua kicheko. Kiboko akavimba. Akawatazama Bata wake mmoja mmoja. Kila Bata akaona ni wakati mzuri wa kuchambua manyoya. Ilikuwa bado kidogo aseme kikao kiitishwe, sheria ichunguzwe upya, kitu hiki kiundiwe kamati ndogo. Lakini Nguchiro akaruka juu ya mwamba, mikono kiunoni.

"Napinga!" akapiga kelele. "Mwenyekiti asihesabiwe ameshindwa! Kichuguu apewe yeye! Napinga, napinga!"

Na Kiboko, hasira zimempanda, njuga zinamlilia masikioni, kinywa kikafunguka chenyewe kama kilivyozoea:

"Pingamizi limekataliwa! Bata?"

"Kwaa! Lipite!"

Mfuko wa rimoti ukamtoka menoni. Tumbwi! Akabaki kinywa wazi, kibuyu utosini, mbele ya bwawa zima.

Ngano imefika ukingoni. Iliyo tamu chukueni, iliyo chungu niachieni mimi, meno yangu yamebaki mawili, haina pa kuniuma.

Na funzo lake mlishike, wajukuu, maana hadithi bila funzo ni umbea: mheshimuni mwenyekiti, anajua afanyalo. Wala msiwe watu wa kupinga pinga vikaoni. Kupinga hakujamfaa mtu yeyote.