Mjusi, Paka na Maua ya Bi Nyamizi

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa nyumba. Nyumba ya nani?
— Ya mwenye maua!
— Maua yana nini?
— Sema wewe uliyeyaona!

Basi sikilizeni. Hapo kale, mjini Tabora, alikuwako mjane mmoja jina lake Bi Nyamizi. Sebule yake ilijaa maua. Alikuwa na mrihani kwenye kopo la samli, mshubiri kwenye chungu kilichovunjika mdomo, na ua moja la majani marefu membamba lililoning'inia dirishani kama nywele za bibi harusi. Akiamka huyanywesha maji, akirudi sokoni huyapa habari za huko.

Katika kopo la mrihani, chini ya majani makavu, aliishi Mjusi. Mjusi huyu hakuwa na nguvu wala sauti, na mkia alikuwa nao nusu tu. Ila msimu ule alikuwa na mayai mawili, meupe, madogo kama punje za mahindi, ameyafukia penye udongo laini. Kutwa alikuwa ukutani akiwinda mbu, jicho moja kwa mbu, jicho moja kwa mayai.

Na humo ndani alikuwamo Paka. Dume, mnene, shingo kama gunia. Bi Nyamizi akimwita Bwanamkubwa, naye jina lilimwingia kichwani. Alipewa dagaa, akala. Alipewa maziwa, akanywa. Akishamaliza vyake huyaendea maua. Huja nyatu-nyatu, hutafuna karu-karu, hushiba, hulala fofofo. Akiamka hutapika majani juu ya mkeka, kwaa, kisha huanza upya.

Bi Nyamizi alihangaika. Aliyapandisha maua juu ya kabati. Paka akaja nyatu-nyatu, akaruka ruu, akatafuna karu-karu, akalala fofofo. Alipaka majani pilipili. Paka akaja nyatu-nyatu, akapiga chafya chii, akatafuta jani lisilopakwa, akatafuna karu-karu, akalala fofofo.

Mwisho mama wa watu alichoka. Akiwa ameinama kupangusa mkeka, akamwambia jirani yake kwamba kesho asubuhi atayabeba makopo yote akayamwage jalalani. Jirani akamuuliza kwa nini asimfukuze paka. Bi Nyamizi akajibu kwa unyonge, "Maua hayakamati panya, mwenzangu."

Mjusi alisikia yote kutoka ukutani. Moyo ukamdondoka, ndii. Mayai hayabebeki. Yakimwagwa jalalani yatapasuka, au kuku watayadonoa. Alimtazama Paka aliyekuwa akijilamba makucha. Huyo huyo ndiye aliyemkata mkia. Aliogopa mpaka vidole vikaanza kuteleza. Hata hivyo akashuka, taratibu, akasimama pale ambapo Paka akiruka angemkosa kwa unywele.

"Shikamoo, Bwanamkubwa."

"Marahaba, kitoweo," alijibu Paka. "Umeniletea ule mkia uliobaki?"

Mjusi akamwambia kwamba ameleta ombi. Maua ya sebuleni ale yote, tena leo leo, asiache hata shina. Ila ule ukoka ulioota uani, nyuma ya mtungi, asiuguse kamwe.

Sasa mwambie mlafi usiguse, uone. Masikio ya Paka yakasimama. Akauliza kwa nini. Mjusi akasema hawezi kusema. Paka akauliza tena. Mjusi akasema ni siri ya ukoo. Paka akatoa makucha, akasema atasema au ataliwa.

Mjusi akashusha pumzi kama aliyeshindwa. "Chui ni nani kwako?"

"Mjomba wangu. Kila mtu anajua."

"Basi mjomba wako alizaliwa mdogo kama wewe. Akala ukoka wa uani, akawa Chui. Nduguye akala maua ya sebuleni, akabaki kupewa dagaa."

Paka akacheka, akasema ni rahisi, atakula vyote viwili.

Mjusi hakulitegemea hilo. Akaangalia kisiki chake cha mkia, akaangalia miguu yake iliyokondeana, na neno likamjia.

"Ndivyo alivyosema babu yangu," akasema polepole. "Na babu yangu alikuwa Mamba. Alikula ukoka, akaongezea jani moja la mrihani. Moja tu, Bwanamkubwa. Nitazame mjukuu wake."

Paka alimtazama. Akaona ngozi ya magamba. Akaona kichwa kilichochongoka. Kweli, mamba mtupu, ila amesinyaa. Mate yakamkauka.

Akatoka uani nyatu-nyatu. Akala ukoka karu-karu, mpaka jua likaegemea. Mjusi akarudi kwenye mayai yake akishukuru.

Lakini mlafi ni mlafi. Jioni Paka alirudi ndani, harufu ya mrihani ikampiga puani, akaruka kabatini ruu. Pua ikafika kwenye jani. Mguu wake ukakanyaga udongo kando tu ya mayai. Mjusi akatamani kupiga kelele, akajizuia. Akajisogeza ukutani upande mmoja, kama anayempisha mgeni, akasema kwa upole:

"Karibu ndugu yangu. Nafasi ipo. Mbu tutagawana."

Paka aliganda. Akaurudisha mguu mmoja, akaurudisha wa pili, akashuka. Akalala kwenye mkeka, mbali.

Asubuhi Bi Nyamizi alikuja na karai la kubebea makopo. Akakuta maua mazima, mkeka mkavu. Akamkuta Paka uani, anatafuna ukoka kwa adabu kama mtu aliye kwenye dozi. Akasimama akimtazama, akajiambia kumbe mnyama alikuwa anataka majani yake mwenyewe. Akalijaza lile karai udongo, akapanda ulezi, akalimwagilia. Ulezi ukaota laini, wa kumtosha Paka na kubaki.

Mrihani ukachipua. Lile ua la dirishani likarefuka hadi likagusa kiti. Na siku moja ya mvua, udongo ukatikisika kidogo, wakatoka mijusi wawili wembamba kama nyuzi, mikia yao mizima. Mama yao akawapandisha ukutani kuwaonyesha dunia.

Paka naye ana raha zake. Kila akimaliza ulezi huenda kwenye beseni la maji kujitazama, na mpaka leo anasema madoa ya chui yameanza kuonekana.

Funzo lake nini? Watoto, msiseme uongo. Uongo haujengi nyumba. Ila nyumba ikiwa imeshajengwa, na mayai yamo ndani, hapo mumuulize mwingine, msiniulize mimi.

Hadithi yangu imefika. Aliyeipenda aikaribishe, asiyeipenda aisindikize.