Mpini wa Kisu cha Bi Lubaba

Wametuhadithia wema waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa milima ya Yemeni aliishi muadhini kijana aitwaye Hudhaifa. Sauti yake ilikuwa tamu hata wapita njia husimama kuisikiliza. Mikono yake, lakini, ilikuwa mizito; hata mswaki akiuchonga mwenyewe humchoma ufizi.

Hudhaifa alimposa Raihana, binti wa mjane mchamungu, Bi Lubaba. Ami wa binti, ambaye ndiye walii wake, aliridhia, ikabaki ada ya mji ule: mposaji hupewa kisu kidogo cha jikoni cha mkwe wake, akakichongea mpini wa mti kwa mikono yake, wala fundi hamsaidii. Mpini usipopokewa, ndoa haifungwi.

Haraka ya mapenzi ikamponza. Alikata tawi bichi la mzeituni, akalichonga siku ileile, akalitoboa kwa msumari wa moto na kukipachika kisu. Jua lilipoukausha, mpini ukapasuka. Hudhaifa akauziba ufa kwa nta na unga wa mbao, akausugua kwa mafuta ukang'aa, na ufa usionekane tena.

Siku ya kuupeleka, Bi Lubaba aliushika, akaugeuzageuza, akatabasamu. "Mashaallah, mwanangu. Sikukudhania."

Ami akainua mikono isomwe Fatiha. Hudhaifa alimpenda Raihana mno, na neno moja tu lingemkosesha. Lakini akakumbuka kwamba yeye ndiye awaitaye watu kila alfajiri kusimama mbele ya Mola asiyefichwa kitu, akaona haya.

"Mama, niwieni radhi," akasema. "Mpini huu una ufa, nami nimeuziba kwa nta. Ukilowa utafunguka, na kisu kitakukata mkono."

Bi Lubaba akaukwangua kwa ukucha, nta ikatoka. "Basi huu siupokei," akasema kwa huzuni. "Ada ni ada."

Hudhaifa akainamisha kichwa. Ndipo Raihana akasema kwa upole nyuma ya pazia, "Mama, ada imekataza kupokea mpini mbovu. Haikukataza kuchongwa mwingine."

Bi Lubaba akacheka hadi akafuta machozi. "Haya, Hudhaifa. Lete tawi jingine, litundikwe juu ya meko yangu mpaka likauke sawasawa. Na kuligeuza uje mwenyewe."

Akawa anakuja kila baada ya Alasiri. Huligeuza tawi, akanywa kahawa na ami, akarejea msikitini kuadhini Magharibi. Miezi ikapita, wala hakunung'unika. Tawi lilipokauka akalichonga, na mpini ukatoka umepinda kama tangawizi. Bi Lubaba akaulaza majini usiku kucha, kisha akakatakata nyama ya mchuzi wake. Kisu hakikutikisika.

"Sura hauna," akamwambia, "ila nimeujua ndani na nje, kama nilivyokujua wewe. Ami, soma Fatiha."

Basi ndugu zangu, Hudhaifa angeweza kuoa siku ile ya kwanza kwa hila ya nta, na kila mkwewe aoshapo kisu, yeye angekaa roho juu. Alisema kweli, akangoja, akajaaliwa mke na usingizi mnono. Mola atujaalie nasi ulimi wa kukiri ufa kabla maji hayajautangaza.