Kibla cha Mzee Shekue

Wapokezi wa habari za waja wema wametuhadithia kwamba katika mji wa Kongowani, mji wa wakulima ulio mbali na bahari, aliishi mja aliyeitwa Mzee Shekue bin Lali, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alijaaliwa umri wa miaka tisini na mitatu. Aliona wajukuu, akaona vitukuu, hata ikawa ukirusha jiwe Kongowani halikosi kumwangukia mtu wa ukoo wake. Alilima mtama kwa mkono wake mpaka uzeeni, hakumnyima msafiri uji, na hakuna aliyewahi kumsikia akitoa neno kali ila kwa mbuzi wa jirani, na mbuzi hao walistahili.

Lakini jambo alilosifiwa nalo zaidi ni msikiti. Aliujenga akiwa kijana wa miaka thelathini, yeye na mdogo wake Bwanaheri, mawe wakiyabeba mabegani. Kabla yake Waislamu wa Kongowani waliswali chini ya paa la makuti lisilo na ukuta. Miaka sitini na mitatu watu waliswali humo, wakaoana humo, wakasaliwa humo walipokufa.

Alipofariki, mji mzima ulilia. Mwanawe mkubwa, Mwalimu Lali, ambaye ndiye aliyekuwa imamu, alimsalia na kumzika. Na tangu siku hiyo Mwalimu Lali hakutulia. Akikaa barazani huinuka, akiinuka hajui aendako, akifika huko hukumbuka kuwa hakuwa na haja huko. Watu walisema ni uchungu wa kufiwa na mzazi, naye alifarijika kila waliposema hivyo, kisha akajichukia kwa kufarijika.

Hata katika swala hakukaa sawa. Akisimama mihirabuni, bega lake lilijisogeza kidogo upande wa kushoto, mwili ukawa mshazari kama mlango uliolegea bawaba. Maamuma nyuma yake walinyooka na ukuta, yeye peke yake amepinda. Wakakubaliana kwamba imamu ana maumivu ya nyonga. Shangazi zake wawili walimletea mafuta ya nyonyo, na wa tatu akaleta ya ufuta akisema ya nyonyo hayafai kitu. Mwalimu Lali aliyapokea yote kwa heshima, akajipaka mbele yao, na nyonga yake ilikuwa nzima kama ya kijana.

Ukweli ni huu. Siku tatu kabla ya kufa, Mzee Shekue alimwita, akamtaka afunge mlango.

"Mwanangu," akamwambia, "msikiti wetu hauelekei kibla. Nimekosea mimi, wala si mtu mwingine."

Mwalimu Lali akamsihi apumzike, akasema ni homa inayosema. Mzee akatikisa kichwa. Akamweleza taratibu kwamba wazee wao waliwafundisha kanuni moja tu: jua linapochomoza liwe kwenye bega lako la kulia, na hapo uso wako umeelekea Makka. Kwa kanuni hiyo alisimama alfajiri moja ya msimu wa kaskazi, akavuta uzi, akachimba msingi. Baada ya hapo kila alfajiri ya umri wake alitoka msikitini mbio, jembe begani, akiliwahi shamba, asitazame juu. Mpaka miguu ilipomwishia nguvu, wakawa wanamkalisha mlangoni pa msikiti baada ya swala ya asubuhi. Mwaka mzima alikaa juu ya jiwe lilelile akitazama jua likichomoza. Akaona kwamba jua halina mlango mmoja. Wakati wa kaskazi hutokea upande wa kusini, nyuma ya ghala la mtama, wakati wa kusi huhama mpaka upande wa pili, kwenye mikorosho, kisha hurudi. Mashariki ya kweli iko katikati ya safari hiyo, na yeye alikuwa amevuta uzi wake jua likiwa mwisho wa ghala.

"Nilitaka mwaka utimie nipate yakini, nisiwatie watu shaka kwa dhana," akasema. "Umetimia, na sauti yangu imekwisha. Wewe una sauti. Waambie. Na mimi mnilaze kaburini sawasawa."

Mwalimu Lali akaahidi. Mzee akafariki Ijumaa asubuhi, na kabla ya adhuhuri mji wote ulikuwa makaburini. Wachimbaji walinyoosha uzi wao, wakaulinganisha na ukuta wa msikiti kama walivyofanya kwa kila maiti. Mwalimu Lali alisimama pale akiwatazama. Mdomo ulifunguka. Akaona umati, akaona ami yake Bwanaheri akilia, akafikiri: leo si siku yake, nitasema kesho. Wakamlaza baba yake kwa uzi ule, wakamfukia.

Kesho ikazaa kesho nyingine, hata ikafika siku ya arobaini. Siku hiyo ilikuwa isomwe khitma ya Kurani, na kwa mila ya Kongowani mtoto mkubwa husimama baada ya dua akawasimulia watu maisha ya marehemu. Wageni walikuja kutoka miji minne, na pamoja nao alikuja Sheikh Zubeiri, mwanachuoni aliyekuwa akiogopwa kwa elimu yake na kupendwa kwa upole wake. Ami Bwanaheri alikwishampangia mwana huyo wa kaka yake la kusema. Alimtaka asisahau kuwaambia wageni kwamba Mzee Shekue, katika miaka tisini na mitatu, hakupata kukosea kibla hata siku moja.

Asubuhi hiyo dada yake, Mwanaidi, aliyemuuguza baba yao, alimkuta uani akizunguka kisima.

"Kaka," akamwambia, "siku zile za mwisho baba aliniomba nikigeuze kitanda chake kidogo upande wa kushoto, ndipo aswali. Nikageuza, nikidhani ni utu uzima. Mbona na wewe, tangu tuzike, ukiswali unageukia upande uleule?"

Mwalimu Lali akakaa chini, juu ya udongo uliolowa, akamwambia yote. Mwanaidi alilia aliposikia habari ya kaburi. Hakumkemea, na afadhali angemkemea.

"Basi leo usimsifu," akasema alipopata sauti. "Msemee."

Khitma ikasomwa msikitini, dua ikaombwa. Mwalimu Lali akasimama mbele ya watu. Alianza na mtama, akaja kwenye uji wa wasafiri, akawafikisha kwenye mawe yaliyobebwa mabegani. Watu walikuwa wakiitikia rehema kila jambo. Kisha akafika kwenye jiwe la mlangoni na mwaka mmoja wa kutazama jua, na kuitikia kukakoma. Akasema kila kitu kama alivyoambiwa. Aliposema kwamba msikiti umepinda, minong'ono ilipanda mpaka darini.

Ami Bwanaheri akasimama kwa fimbo yake. "Lali, tumekukusanyia watu umsifu baba yako, wewe unamvunjia nyumba yake?"

"Ami, sijamaliza," akajibu Mwalimu Lali. "Baba hakuficha hata siku moja tangu apate yakini. Aliyeficha ni mimi. Aliniusia nimlaze sawasawa, nikasimama nikawatazama mkimlaza kwa uzi uliopinda, nikanyamaza. Nilichunga jina la nyumba yetu. Siku arobaini nimewaswalisha nikijua, nikageuka peke yangu kama mwizi, mkaniletea mafuta. Nisameheni, na mniombee baba yangu anisamehe."

Akaketi. Ami Bwanaheri naye akaishusha fimbo yake, akaketi.

Macho yote yakamwelekea Sheikh Zubeiri. Sheikh alitoka nje, akatazama ukuta na kivuli chake, akauliza maswali machache ya misimu, akarudi. Akawaambia marehemu amesema kweli. Akawatuliza kwamba Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa uwezo wake, na waliojitahidi bila kujua hawana lawama. Akawakumbusha wale masahaba wa Qubaa waliofikiwa na habari kwamba kibla kimehamishiwa Makka wakiwa ndani ya swala, wakageuka palepale, hawakungoja watoe salamu kwanza. Mwalimu Lali akamuuliza kwa sauti ya chini kama wanaweza kulifukua kaburi wakamgeuza. Sheikh akatikisa kichwa.

"Siku ile ingewezekana," akasema. "Baada ya siku arobaini, mwili umeshabadilika, na heshima ya maiti ni kumwacha. Yuko kwa Mola wake, na mashariki na magharibi zote ni Zake. Hilo la kaburi, mwanangu, utalibeba wewe."

Ikaadhiniwa alasiri. Mwalimu Lali hakuingia mihirabuni. Alisimama kando yake, akageuka upande wa kushoto wazi mbele ya wote, akangoja. Kisha akasikia mkeka mmoja ukiburutwa sakafuni, ukafuata mwingine, ikawa msikiti mzima unavuma kwa mikeka inayogeuzwa. Safu zikakaa mshazari, wengine pembeni wakakosa nafasi wakatoka uani. Aliyeburuta mkeka wa kwanza alikuwa Ami Bwanaheri. Mzee huyo baadaye aliulizwa, akasema: "Kaka yangu aliniambia tubebe mawe, nikabeba. Ameniambia nigeuke, nitamkatalia?"

Mwalimu Lali aliishi miaka ishirini mingine, na inasemekana hakupata tena kuakhirisha neno la kweli hata likimchoma ulimi. Aliusia azikwe ubavuni mwa baba yake, naye wamlaze kwa kibla sahihi. Wakamfanyia hivyo. Makaburi hayo mawili yakawa hayaendi sambamba, moja limenyooka, moja liko upande, na mgeni apitaye huuliza ni yupi kati yao aliyepotoka. Watu wa Kongowani humjibu kwamba aliyelala upande ndiye aliyesema kweli alipoijua, na aliyelala sawa ndiye aliyechelewa kuisema.

Enyi ndugu, hatukujaaliwa sote umri wa Mzee Shekue, wala si kila mmoja wetu atajenga msikiti. Ila kila mmoja wetu ana neno alilolijua leo akaliwekea kesho, na mwenye kuumia kwa kesho hiyo mara nyingi si sisi. Mwenyezi Mungu awarehemu baba na mwana, na atupe ujasiri wa kugeuka tukiwa bado tumesimama.