Kwa Nini Askari wa Kifaru Hupiga Kelele Amwonapo Mtu

Hapo zamani kifaru hakumkimbia mtu wala kumkimbiza. Macho yake yalikuwa mabovu kama yalivyo leo, lakini alikuwa na pua, na pua ilimtosha. Mgongoni alimbeba ndege mdogo mwenye mdomo mwekundu, aliyekula kupe na kunyamaza. Ndege huyo hakuwa na kazi ya ulinzi, maana kifaru hakuwa na adui wa kuogopwa.

Katika mbuga za kifaru aliishi mwanamke aitwaye Kwandu, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaongoza wageni. Watu walitoka milimani na kandokando ya ziwa, safari ya siku nyingi kwa miguu, ili wamwone tembo akinyonyesha, au wasimame karibu na twiga mpaka wasikie tumbo lake likinguruma. Kwandu alijua kila mnyama anakunywa wapi na analala wapi. Wageni waliporudi kwao walimsifu kwa watu ambao hajapata kuwaona, naye alizipenda sifa hizo kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Alikuwa na mdogo wake, Nyanzobe. Kwandu mwenyewe ndiye aliyemfundisha kusoma nyayo na kuupima upepo. Mwaka wa tatu wa mafunzo hayo, Nyanzobe alifanya jambo ambalo dada yake hakuwahi kulifanya. Mbele ya wageni alimwendea kifaru jike taratibu, akaweka kiganja nyuma ya sikio lake, pale penye ngozi laini, akamkuna. Kifaru akafumba macho, akainamisha kichwa. Nyanzobe akawaita wageni mmoja mmoja, nao wakamgusa. Mzee mmoja miongoni mwao alitokwa na machozi.

Kwandu alicheka pamoja na wengine siku hiyo, lakini usingizi ulimpaa. Asubuhi alikwenda peke yake kwa yule kifaru. Kifaru alimnusa, akageuka, akaenda kula majani kwingine. Hakuwa na hasira naye, hakumtaka tu. Hilo lilimuuma Kwandu kuliko kama angefukuzwa.

Muda si mrefu wageni wakaanza kumuulizia Nyanzobe. Mchana mmoja walifika kundi zima wakiwa na kiu, Kwandu akawapokea, akawapa maji. Mama mmoja alikunywa, akashukuru, akaomba waitiwe Nyanzobe.

"Mimi ndiye niliyemfundisha," Kwandu akasema.

"Basi umefundisha vizuri, mama," yule mgeni akamjibu, akamrudishia kibuyu.

Nyanzobe hakuwa mjinga. Aliona dada yake amekuwa mkimya, anakula kidogo, anaitikia salamu akiangalia pembeni. Jioni hiyo alimsogelea akamwambia kwa upole, "Dada, kesho twende wote. Nitakuonyesha namna ya kumsogelea."

Alitaka kumfurahisha. Kwandu alijibu kwamba ana kazi ya kushona, na moyoni akahisi kama amepigwa kofi mbele za watu.

Nyanzobe alikuwa na ngozi ya mbuzi aliyojitanda kila alipokwenda porini, nayo ilinukia samli na majani ya kivumbasi aliyojipaka. Kesho yake, Nyanzobe alipokwenda kuteka maji, Kwandu aliichukua ngozi ile, akajipaka samli ile ile. Mkononi alishika sindano ndefu ya chuma ya kushonea ngozi.

Kifaru alisikia harufu akatulia. Kwandu alimwekea mkono nyuma ya sikio, akamkuna, na kile kichwa kizito kikainama kwake. Alisimama hivyo kwa muda, pumzi ya moto ya mnyama ikimgusa magotini. Angeweza kuishia hapo, akarudi nyumbani, na hakuna ambaye angejua. Lakini lilimjia wazo kwamba macho yale hayakufumbwa kwa ajili yake, yalifumbwa kwa ajili ya Nyanzobe. Akaizamisha sindano pale penye ngozi laini, akakimbilia vichakani.

Ndege alikuwa mgongoni na aliuona uso wake vizuri. Kifaru, akitweta kwa maumivu, alimuuliza ni nani aliyemchoma, maana pua yake ilimwambia ni Nyanzobe na yeye hakutaka kuamini. Ndege alijua. Ila alifikiri mambo ya watu ni ya watu, na kidonda kile kilikuwa kimeanza kuvuta inzi watamu. Akasema alikuwa akila, hakutazama.

Siku ya pili Nyanzobe alikuja na wageni, amejitanda ngozi yake, ameunyoosha mkono. Kifaru hakungoja afike. Ndege alipoona pembe imeinamishwa aliruka juu akapiga kelele, "Siye! Siye!" lakini pembe ilikuwa imekwisha kumpasua Nyanzobe paja.

Wageni walimbeba hadi nyumbani. Kwandu alimuosha damu, akamfunga dawa. Mdogo wake hakulilia mguu. Alichouliza, mara moja na tena, ni amemkosea nini yule mnyama.

"Hujamkosea," Kwandu akasema mwishowe. "Nilivaa ngozi yako nikamchoma mimi."

Nyanzobe alimtazama, kisha akageukia ukutani. Alipona akawa anachechemea, na hakukanyaga tena porini. Aliendelea kula chakula alichopikiwa na dada yake, lakini kuzungumza naye hakuzungumza. Kwandu alikwenda kwa kifaru bila samli wala ngozi ya mtu, ili amwambie ukweli. Hakufika hata karibu. Kutoka kwa ndege, kifaru alikuwa amekwisha kujua kwamba harufu huazimwa, na ndege alipiga kelele mpaka swala wote wakakimbia.

Na tangu siku hiyo, kifaru akinusa mtu hapotezi muda kutaka kujua ni yupi. Ama hutoweka vichakani, ama huja mbio. Na ndege huyo, ambaye sasa tunamwita askari wa kifaru, hangoji aulizwe; akimwona mtu kwa miguu, hata mwenye mikono mitupu, huruka akapiga kelele. Ndiyo maana wageni wa leo humtazama kifaru wakiwa garini, injini imezimwa, na anayetaka kushuka ili amguse, dereva humshika mkono akamwambia akae.