Kikopo cha Kujaribu

Wiki moja kabla ya watu wa posa kuja kumwona bintiye, mkaanga mihogo wa Pangani aitwaye Mwanakheri aliutazama ukuta wa sebule yake ulivyobabuka, akaona aibu. Alikwenda kwa Bwana Shekue, tajiri wa duka la rangi, akamwomba ampunguzie bei ya debe moja.

"Sipunguzi," alisema Bwana Shekue. "Chukua kikopo hiki ukajaribu bure. Ukiipenda rangi, utanunua debe zima."

Kesho yake Mwanakheri alirudi. "Kijani imepooza, Bwana. Hebu nipe ya samli."

Siku iliyofuata akaja tena. "Hii inaniumiza macho. Nijaribu buluu?"

Kila siku alitoa kasoro mpya, na kila siku Bwana Shekue alimjazia kikopo, akili yake ikiwa kwenye lile debe.

Siku ya nane Bwana Shekue alimfuata nyumbani. Akakuta sebule imejaa wageni wa posa, wanausifu ukuta wenye mistari mipana ya rangi saba, kutoka darini hadi sakafuni.

"Mama, umechagua ipi?" alimnong'oneza.

"Nimeshindwa kuchagua, Bwana," alisema Mwanakheri, akimsogezea kiti. "Zote zimenipendeza."