Waya Uliofungwa kwa Haraka

Mtu mmoja alikuwa na gari la mashindano, akalipenda kuliko usingizi wake. Aliitwa Elifadhili. Fundi wake alikuwa Mbonea, mwenye gereji yake ndogo, mtu mpole, mkweli mpaka anakera. Waling'oa kompyuta ya kiwandani wakaweka nyingine yenye uwezo zaidi, na kwenye bomba la moshi wakafunga sensa ya kuiambia kompyuta kama injini inapata petroli ya kutosha.

Waya wa hasi wa sensa ukapungua shubiri moja tu kufika pale ulipofungwa ule wa kompyuta. Mbonea akaomba asubiriwe akanunue waya mwingine. Wapi! Elifadhili alishika spana mwenyewe, akaufunga kwenye bodi ya gari, palipokuwa karibu.

"Chuma ni chuma," akasema.

Basi sensa ikasema kweli na kompyuta ikasikia uongo, maana kila moja ilipimia umeme kuanzia mahali pake. Kompyuta ikasikia petroli imezidi, ikapunguza, ikapunguza tena. Mbonea alichomoa plagi za injini akazikuta nyeupe kama chaki. Akamwonyesha mwenye gari: injini ina njaa, ule waya uhamishwe. Elifadhili akatazama plagi, akatazama namba za kompyuta, akaamini namba. Akanunua sensa mpya, nayo ikasema yale yale. Tangu hapo akaanza kumtazama fundi kwa jicho baya, kwa kuwa kukiri kosa la mkono wake kulimshinda.

Siku ya mashindano injini yenye njaa ikapata joto kupita kiasi, pistoni ikayeyuka mlimani, watu wakiona. Aibu ikamshika, naye akatafuta wa kumtwika. Alisema gereji hadi gereji, akasema mpaka kanisani, kwamba Mbonea ni mharibifu. Wakamsadiki, kwani mwenye gari husadikiwa upesi kuliko mwenye mikono ya grisi. Wateja wakakatika. Mbonea akafunga gereji, akarudi kwao Usangi.

Ikaja injini mpya. Siku ya kwanza tu, kompyuta ikasema petroli imezidi. Safari hii hapakuwa na wa kusingiziwa. Elifadhili akajilaza chini ya gari, akaunga waya, akaufunga pamoja na ule wa kompyuta. Kazi ya robo saa! Namba zikatulia, injini ikavuta vizuri, naye akajua. Lo, alijua sana! Akafuta mikono, akafunga boneti, asimwambie mtu.

Sasa gari linashinda, na Elifadhili anasifiwa kwa ufundi. Mnamlaani, ndugu zangu? Haya, mlaanini. Lakini ni nani kati yetu hajapata kurekebisha kosa lake kwa siri, akamwacha aliyemsingizia aendelee kuitwa mharibifu?